Mama mkwe amenikuta nimeshika usukani wa gemu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, naishi Uyole hapa Mbeya na mume wangu na watoto wawili. Binti yuko bweni, kidato cha pili. Mdogo wake wa kiume yuko darasa la nne na ndiye niliyebaki naye nyumbani. Nina duka la pembejeo, nauza mbegu za mahindi, mbolea na dawa za kupulizia viazi. Mume wangu ni dereva wa semi, anatoa mizigo bandarini Dar kupeleka Zambia na Kongo. Akiondoka, wiki tatu zinaisha sijamwona, na foleni ya Tunduma ikiwa mbaya zinapita hata hizo.

Shangazi, mimi nacheza gemu. Cheka tu, wenzako wote wameshacheka.

Ilianza na kompyuta niliyonunua kwa ajili ya mahesabu ya duka. Fundi aliyekuja kuitengeneza aliniwekea na gemu ya malori, akasema ni ya mtoto. Mtoto akacheza kidogo akachoka, mimi ndiye nikanasa. Inaitwa Euro Truck Simulator 2. Unachukua mzigo kwenye mji mmoja wa Ulaya unaupeleka mwingine, basi. Hakuna kuua mtu wala kubeti. Ni barabara, mvua, vioo vya pembeni, mafuta, na mwisho wa safari unarudisha tela nyuma mpaka mlangoni kwa ghala. Mwanzoni nilikuwa napigwa faini kila baada ya kona, maana kule wanapita kulia na mimi mkono unavuta kushoto kama naelekea Mbalizi. Siku hizi naingiza tela refu kwa mkupuo mmoja. Likikaa sawa, Shangazi, nasikia raha ambayo siipati popote.

Nimekulia Makambako, mama yangu alikuwa mama ntilie pale malori yanapolala. Nikiwa mdogo nilikuwa namwambia kila dereva kwamba na mimi nitaendesha, wakinicheka wananipa sarafu ya andazi.

Kikoba chetu kilipogawana mwaka jana nikanunua usukani wa gemu pamoja na pedali zake, vya mtumba, kwa kijana mmoja wa Mafiati. Laki mbili na themanini. Naufunga kwenye meza ya chakula kwa vile vibano vyake. Mume wangu aliporudi akauliza hiki nini, nikamwambia ni cha binamu yangu, kakiweka tu hapa kwa muda. Hakuuliza tena.

Sasa mwezi huu wa Juni, baridi unavyoijua, na biashara imelala. Mama mkwe alikuwa aje kutoka Tukuyu Jumamosi kwa ajili ya kliniki ya macho. Akaja Alhamisi jioni. Mtoto ndiye aliyemfungulia mlango. Mimi nimeupa mlango mgongo, hedifoni masikioni, kitenge nimekizungushia magotini, miguu kwenye pedali, nateremka mlima na tani ishirini za mbao. Nadhani aliniita zaidi ya mara moja. Nilipogeuka amesimama katikati ya sebule na ndizi bado ziko kichwani.

Akasema, “Mwanangu anavunjika mgongo kwenye lori la kweli, na wewe mkamwana umekaa unacheza lori la uongo?”

Nikapiga magoti kumwamkia, hakuitikia. Usiku nikaandaa chakula, akasema ameshiba. Asubuhi nikamsikia anaongea na wifi yangu kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka jikoni. Kufikia Jumapili akina mama wenzangu kanisani wote wanajua. Dukani wateja wananiita Mama Semi, “leo umepakia nini?” Kijana ambaye ningeweza kumzaa akaniambia, “Mama mzima na akili zako.” Mke wa mchungaji alinivuta pembeni, kwa upole kweli, akasema michezo hii inaleta roho ya uteja. Wifi anasema mtoto wa kaka yake nitamfanya awe kama wale wanaoshinda kwenye mashine za kutumbukiza sarafu.

Kinachoniuma ni hiki. Mume wangu akiwa nyumbani, siku ya mpira anashinda kibandani. Shemeji yangu anacheza drafti kijiweni toka saa nne asubuhi, na ana watoto watano. Mama mkwe mwenyewe anatazama tamthilia za Kituruki hadi machozi yanamtoka. Hakuna aliyewahi kuambiwa kitu.

Niseme na ukweli mwingine. Kuna usiku nafika saa nane nikiwa bado kwenye usukani. Mwezi wa tano lori la mbolea lilifika dukani asubuhi mimi nimelala, dereva akapiga simu mpaka akachoka, akaenda kushusha kwa mwenzangu. Lakini hiyo ni mara moja tu. Mara nyingi ni pale mume wangu akiwa upande wa Kongo na simu haipatikani. Usingizi haunijii, basi nakaa naendesha.

Mama mkwe bado yupo, kliniki wamempangia wiki ijayo. Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi na sijui kama wifi ameshamwambia. Yule kijana wa Mafiati amesema atanunua tena usukani wake kwa laki moja na nusu. Niuze yaishe? Au kweli nina tatizo?

Mama Semi, Uyole

*

Marahaba, Mama Semi.

Usiuze. Na huyo kijana anataka kukukamua mara mbili kwa usukani ule ule.

Nimecheka, sikatai, ila si kwa sababu ya gemu. Nimecheka kwa zile ndizi kichwani, na nitazirudia kwa sababu barua yako yote imelalia hapo na wewe umezipita mbio.

Kwanza nimalize hili la “mama mzima”. Anayesema gemu ni za watoto hajui zilikotoka. Mashine ya kwanza ya Pong, ile ya mistari miwili na kidoa kinachodunda, kampuni ya Atari iliijaribu mwaka 1972 kwenye baa moja huko California. Baa, mwanangu. Waliokuwa wanaigombania ni watu wazima wenye bia mkononi, na ilipogoma fundi akakuta kisanduku cha sarafu kimejaa hadi kimekwama. Tetris aliitunga mtafiti wa kompyuta Moscow katikati ya miaka ya 1980, mtu na kazi yake. Hiyo yako imetengenezwa na kampuni ya Prague, ikatoka mwaka 2012, na nani alikwambia mtoto wa darasa la nne ndiye mwenye subira ya kukaa anaangalia kioo cha pembeni anarudisha tela? Ndiyo maana wa kwako alichoka. Kule Marekani chama cha watengenezaji wa gemu hutoa kila mwaka umri wa wastani wa wachezaji, na miaka mingi sasa umekaa kwenye thelathini na kitu. Wewe na 39 yako hujapotea njia. Umekaa katikati ya wenzako, isipokuwa wenzako hawako Uyole.

Lakini hayo usiende kumwambia mama mkwe. Hatakusikia, na si kwa ubishi. Yeye hakukasirishwa na gemu.

Fikiria angekukuta unatazama tamthilia huku unachambua maharage. Angetua ndizi zake, akavuta kigoda, akakuuliza nani kamwacha nani. Mwanamke wa kwetu anaruhusiwa kustarehe mradi mikono yake ina kazi. Asuke mkeka huku anapiga soga, amenye viazi huku anasikiliza redio, afume kitambaa huku anasubiri daktari. Starehe yetu lazima ijifiche ndani ya shughuli. Wewe umekutwa umekaa kitako, mikono yote miwili na miguu yote miwili iko kwenye raha yako mwenyewe, na hata masikio umeyaziba. Hilo ndilo jipya kwake. Shemeji yako na drafti lake hashtui mtu, kwa sababu mwanamume kukaa tangu saa nne asubuhi tumeshazoea kukuita kupumzika, hata kama hajafanya kilichomchosha. Dhuluma ipo hapo na nakubaliana nawe kabisa. Ila huwezi kuidai haki hiyo kwa mwanamke wa Tukuyu ambaye mwenyewe hakuwahi kuipata. Mtamwaga machozi wote wawili na hakuna atakayeelewa.

Na kuna jambo la pili, naona hukulifikiria. Huyu ni mama wa dereva. Wewe unamngoja mume toka mlipooana, yeye anamngoja mtoto toka siku ya kwanza aliyopanda lori. Kila redio ikitaja ajali Kitonga, anakaa kimya mpaka asikie namba za gari. Halafu anaingia nyumbani kwa mwanawe, anakuta lori liko mezani linachezewa, linapinduka na kuanza upya. Unaona alichokiona? Kwake yeye lori halina mzaha hata kidogo. Yale maneno ya lori la kweli na lori la uongo yamekuchoma, na yeye alikusudia yachome, lakini yametoka kwenye hofu ile ile inayokukesha wewe saa nane za usiku.

Sasa tuje kwenye ndizi. Mama mkwe amesafiri kutoka Tukuyu, macho yanamsumbua, ana mzigo kichwani, ameingia ndani mwako na hakuna aliyempokea. Hilo ni kosa, Mama Semi. Lingekuwa kosa hata kama ungekuwa unasoma Biblia na hedifoni masikioni. Omba radhi kwa hilo, na kwa hilo tu. Wewe naona unataka kuomba radhi kwa kila kitu kwa pamoja ndiyo maana unafikiria kuuza usukani, kama sadaka ya kuondoa mkosi. Ukiuza, umekiri kwamba ulikuwa unafanya uchafu, na kuanzia hapo hata ukikaa kunywa chai utaulizwa unakaa kwa nini.

Siku ya kliniki usimpakie kwenye bajaji na mjukuu. Funga duka asubuhi hiyo, umpeleke mwenyewe, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Mkitoka, mtafutie chai ya moto mahali penye kiti kizuri. Hapo ndipo umwambie, kwa maneno machache: “Mama, siku ile umefika na mzigo sikukupokea. Nilikosa, nisamehe.” Kisha unyamaze. Akitaka kuongeza la gemu, mwache aongeze. Akikuuliza kwa nini unacheza, mwambie ukweli ulioniandikia mimi: mwanao akiwa Kongo simu hazipatikani, nakosa usingizi. Usiongeze hapo. Neno la tamthilia za Kituruki limeze, hata likikuwasha kooni. Ukilisema tu umeshinda mabishano na umepoteza mama.

Huenda asibadilike. Atarudi Tukuyu akiendelea kuguna, na utaishi naye akiguna. Kuna waliowahi kuishi na zaidi ya hilo.

Kinachonitisha kwenye barua yako ni binamu. Umekipitia kwa sentensi mbili na nusu kama mtu anayevuka daraja bovu, lakini mimi nimesimama hapo. Mumeo hayupo wiki tatu. Ndani ya nyumba yake kuna kifaa cha thamani ambacho, kwa watu wengi, ni cha kiume. Umemwambia si chako. Siku wifi atakapomwambia “mkeo anacheza gemu usiku mpaka saa nane na ana usukani mezani”, atajua kwamba cha binamu hakikuwa cha binamu. Swali litakalomjia kwanza halitakuwa la gemu. Atajiuliza ni cha nani, anakuja lini, na usiku huo wa saa nane nyumbani kulikuwa na nani. Dereva wa masafa ana muda mwingi wa kufikiri peke yake barabarani. Usimwachie wazo kama hilo kilomita elfu mbili.

Hela ilikuwa yako. Mgao wa kikoba chako, jasho lako, sikuambii uombe ruhusa ya kuutumia, na akikuuliza kwa nini hukununua bati au mbuzi, mwambie bila kutetemeka kwamba ulinunua unachokipenda. Ila uongo hukuhitaji, na sasa unakugharimu kuliko laki mbili na themanini.

Usimweleze yote kwa simu akiwa njiani. Mtu yuko kwenye semi, mnaanza mabishano, na hujui yuko kona gani. Lakini usikae kimya pia, maana wifi ana vocha. Leo hii mtumie ujumbe mfupi wa maandishi, auone akisimama. “Baba fulani, kuna jambo la kuchekesha limetokea hapa kati yangu na mama. Si baya. Ukifika nitakueleza mwenyewe.” Hapo akisikia kwa wengine atajua hukuwa unaficha. Akifika, mwache aoge, ale, alale usingizi wake wa siku nzima kama wanavyolala. Akiamka mwite mezani, umwambie: huu usukani ni wangu, niliununua kwa hela ya kikoba, nilikudanganya kwa sababu niliona aibu. Kisha mpishe kiti.

Nakuomba hapo uwe makini na midomo yako. Huyu ni fundi wa kazi hiyo. Atakaa, atapapasa pedali, atasema gia si hivi, breki si hivi, gari lenye mzigo haliteremki hivi. Usimjibu kwamba wewe unaingiza tela kwa mkupuo mmoja. Mpe mlima na tani zako ishirini za mbao, umwangalie anavyofanya. Na kama hatapenda, kama atasema nimechoka na malori huko, nyumbani sitaki kuyaona, hilo nalo ni jibu la haki. Utafunga usukani akiwepo na kuufungua akiondoka, waziwazi, si kwa kuficha.

Umeniuliza kama una tatizo. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kwamba uraibu wa gemu ni ugonjwa, na orodha yake hiyo mpya ya magonjwa ilianza kutumika Januari 2022. Wanaangalia mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata pale madhara yanapoonekana. Kisha iwe imevuruga vibaya familia, kazi au masomo, na kwa kawaida iwe imedumu walau miezi 12. Duka lako liko wazi, mtoto anakula na anakwenda shule, na mwezi wa kumi na moja mvua zikianza nina hakika huna hata nafasi ya kuwasha hiyo kompyuta. Hujafika huko.

Lakini lile lori la mbolea silifumbii macho. “Mara moja tu” ni maneno ambayo kila mtu huanza nayo, na ukweli ni kwamba hiyo mara moja ni ile iliyokufedhehesha. Zile asubuhi ulizofungua duka macho mekundu ukamrudishia mteja chenji pungufu hukuziandika. Weka mpaka: saa nne usiku usukani unafunguliwa kwenye meza, unawekwa kabatini, na meza inarudi kuwa ya chakula. Usiuache pale umefungwa, kwa sababu kitu kilicho tayari hukuita chenyewe. Gemu yako yenyewe inajua hili, wewe ndiye unayejifanya hujui. Ukiendesha bila kulala si inakutoza faini?

Kukosa usingizi ni habari nyingine kabisa, na hilo gemu haikulianzisha na haitalimaliza. Kaa na mumeo mpange: akifika Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, atume neno moja, akifika Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, atume jingine kabla hajavuka. “Nimefika”, basi, hata bila salamu. Akiwa ndani ya Kongo, awe amekwambia kabla ni siku ngapi za kutopatikana ni za kawaida na ni ngapi za kuanza kuuliza, na umuulize nani ofisini kwao. Uwe na namba ya mwenzake mmoja wa msafara. Wake wengi wa madereva wanabuni habari usiku kwa sababu hawakuambiwa kawaida ni ipi. Ukishajua kwamba kimya cha siku nne hakina maana, utalala siku tatu kati ya hizo. Na ukishafanya hayo yote usingizi ukaendelea kukukimbia kwa wiki kadhaa, nenda ukamwone daktari. Hilo linatibika.

Mke wa mchungaji mshukuru, amekufuata pembeni wakati wengine walikusemea mbele. Na onyo lake lina chanzo. Zile mashine za sarafu zinazowekwa vichochoroni zimewala vijana wengi, na kwa macho ya mtu asiyezijua, chochote chenye skrini na kelele ni kitu kimoja. Mweleze tofauti bila kiburi. Ile ni kamari, ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi hata kuigusa. Ya kwako haipokei sarafu na haimlipi mtu. Unaweza kucheza mwaka mzima usipate shilingi wala usipoteze, labda umeme wa Luku.

Wifi, kwa upande wa mtoto, mpe jibu fupi tu. Gemu zina alama za umri kama dawa zako za viazi zilivyo na rangi za sumu. Ulaya wanatumia namba 3, 7, 12, 16 na 18, na ya malori imepewa 3. Zile za kuiba magari na kupiga watu risasi ni za 18, na hizo ndizo za kukagua kama fundi hakumwekea mtoto kimyakimya kwenye kompyuta ile ile. Fungua uangalie leo. Maana fundi anayesema “hii ni ya mtoto” bila kukuuliza, simwamini sana.

Wateja waachie utani wao. Mbeya watu wanataniana hata msibani, sembuse dukani. Wakikuuliza umepakia nini, wajibu umepakia mbolea ya kukuzia na bei imepanda. Yule kijana wa “mama mzima na akili zako” muuzie kwa bei ya kawaida, usimpunguzie.

Jambo moja hukuniandikia, nami limenikaa. Msichana aliyekuwa akiwaambia madereva wa Makambako kwamba ataendesha, sasa ana miaka 39, ana duka, anaagiza mbolea na mbegu, na barua nzima hakuna mahali aliposema ana leseni. Sisemi gemu lazima izae kitu. Cheza kwa raha yako tu, inatosha. Lakini kama mkono unavuta kushoto wenyewe hata ukiwa Ulaya, basi VETA Mbeya wanafundisha udereva. Kaulizie ada na muda wa mafunzo wakati huu biashara imelala, kabla wakulima hawajaanza kusogea. Duka lako likipata kirikuu, angalau safari ijayo lori la mbolea likishusha kwa mwenzako utaifuata mwenyewe.